Vifaru Tisa na Takwimu za Mwalimu Semeni

Nchi yetu ina vifaru tisa, na vyote ni siri. Hata idadi yenyewe ni siri. Naiandika hapa kwa sababu hutangazwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, ili kila raia ajue ni siri gani anayotakiwa kuitunza.

Vifaru hivyo vinaitwa Ngurumo. Vilinunuliwa vikuukuu kutoka nchi ambayo nayo ilikuwa imevinunua vikuukuu. Vikapakwa rangi ya kijani, na Jenerali Evarist Chogogwe, Mkuu wa Majeshi, akavitangaza kuwa vipya. Kasi yake ni kilomita tisini kwa saa. Chuma chake cha nje hakipenyeki kwa kitu chochote kilichowahi kutengenezwa au kitakachotengenezwa. Mzinga wake hupiga umbali wa kilomita kumi na mbili, na adui akisogea karibu, nao hupiga karibu. Zaidi ya yote, Ngurumo haizimiki. Takwimu hizi zilipatikana kisayansi: Jenerali alizitamka kwenye hotuba na hakuna aliyepinga.

Mimi ni karani wa mahakama ya kijeshi. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, si kuyaelewa, na kwa miaka kumi na tisa nimeifanya bila lawama. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine nilielezwa na wenyewe.

*

Siku ya Uthabiti mwaka ule, Ngurumo namba nne ilifika mbele ya jukwaa kuu, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Ilizimikia mbele ya Mtukufu Rais, na moshi mweusi uliotoka kwa nyuma ukaenda moja kwa moja kwenye gauni jeupe la mke wake. Vifaru vitano vilivyokuwa nyuma vikalazimika kusimama, na viwili kati ya hivyo navyo vikazimika. Gazeti la serikali lilieleza kesho yake kwamba hivyo viwili vilizimika kwa heshima.

Dereva wa namba nne alikuwa Koplo Hatibu Lukindo, mtu mpole aliyeendesha vifaru kwa miaka sita. Alitoka juu, akafungua mfuniko wa injini, akasema maneno ambayo kipaza sauti cha jukwaa kiliyanasa yote: "Imechemsha. Niliwaambia itachemsha."

Kesi yake ilisikilizwa asubuhi iliyofuata. Jenerali Chogogwe mwenyewe alitoa ushahidi, akiwa amevaa nishani zote, hata ile ya kuogelea.

"Waheshimiwa," alisema, "Ngurumo haizimiki. Hiyo ni sayansi. Sasa, kitu kisichozimika kikizimika, maana yake kimezimwa. Na ndani alikuwamo nani? Alikuwamo mtu mmoja tu. Mimi sina zaidi."

Kesi ilichukua dakika saba. Hatibu alipewa miaka tisa, mwaka mmoja kwa kila kifaru, vikiwamo vile ambavyo hakuwahi kuviendesha. Jenerali akaomba adhabu ndogo ya nyongeza, na mahakama ikampa: mfungwa awe analetwa uwanjani kila asubuhi amwombe radhi kifaru namba nne.

Ingeishia hapo, huenda nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini Jenerali alikuwa mtu wa kufikiria mambo kwa kina. Alisema tumbo lililomzaa mhalifu nalo lina sehemu yake katika uhalifu, na hivyo mama mzazi aletwe naye aombe radhi.

Bi Mwajabu alikuwa na miaka sabini na moja na maradhi ya shinikizo la damu. Aliletwa saa tatu asubuhi na binti yake mkubwa, Semeni, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya mjini kwetu. Wakaambiwa wamsubiri Jenerali, kwa sababu radhi isiyosikiwa na Jenerali haihesabiki. Semeni alimshika mama yake mkono. Askari akaja kumwambia amwachie, kwa maana sheria ilitaka mama asimame peke yake. Jua lilikuwa kali. Jenerali alifika saa tano na nusu.

"Haya, mama," alisema, "zungumza na kifaru."

Bi Mwajabu alikitazama kile kidude kwa muda. "Kifaru, nisamehe."

"Mheshimiwa Kifaru."

"Mheshimiwa Kifaru, nisamehe."

"Sauti, mama. Hana masikio kama yetu."

Akarudia mara tatu. Mimi nilikuwa pale na daftari langu, nikaandika zote tatu. Semeni alikuwa akimtazama Jenerali jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye jina lake analihifadhi.

Wiki tatu baadaye Bi Mwajabu alifariki. Hatibu aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake, ikakataliwa. Semeni akaenda ofisini kwa Jenerali mwenyewe.

"Mheshimiwa Jenerali, naomba mdogo wangu akamtie mama yake udongo. Saa mbili tu, hata kwa pingu."

"Pole sana, Mwalimu. Ila mdogo wako bado hajasamehewa. Kifaru hakijajibu."

"Kifaru hakiwezi kujibu."

"Unaona sasa?" Jenerali alisikitika. "Umeanza kutoa maoni juu ya uwezo wa kifaru. Uwezo wa kifaru ni siri ya nchi, Mwalimu. Siku utakapoujua uwezo wa Ngurumo kuliko mimi, rudi hapa tuzungumze."

"Nitarudi," Semeni alisema.

Jenerali alicheka mpaka akatoa leso. Semeni akaenda kumzika mama yake na majirani, na Jumatatu iliyofuata akachukua futi ya fundi cherehani akaenda kupima barabara.

*

Watu wengi hudhani siri hupatikana kwa kuiba. Mwalimu Semeni hakuiba kitu. Alipima umbali kati ya nguzo za taa za Barabara ya Ushindi, ambako gwaride hupita, akapata mita thelathini na mbili. Kisha akakaa na mkanda wa televisheni ya taifa, akahesabu sekunde ambazo Ngurumo ilitumia kutoka nguzo moja hadi nyingine. Pale ilipokuwa ikikazana kulifikia gwaride lililotangulia, injini ikilia kwa uchungu na moshi ukifunika mitaa miwili, kasi yake ilikuwa kati ya kilomita ishirini na sita na ishirini na tisa kwa saa.

Uzito aliupata darajani. Vifaru huzunguka kilomita nne kulikwepa daraja lenye kibao cha tani thelathini na tano, kwa hiyo vilizidi hapo. Akapima alama ambazo minyororo yake iliacha kwenye lami siku ya joto, akalinganisha na alama za magari ya mawe, akaandika: kati ya tani thelathini na nane na arobaini na mbili. Hakuandika namba moja kamwe. Aliandika ya chini na ya juu, na sababu zake pembeni, kwa mwandiko ule ule anaoutumia ubaoni.

Unene wa chuma aliukadiria kutokana na picha ya gazetini, ambamo Jenerali alikuwa amefungua mlango wa juu na kuweka kiganja chake ukingoni ili kuonyesha jinsi ulivyo mnene. Kiganja cha Jenerali kilijulikana. Kilikuwa kimechorwa kwa vipimo halisi kwenye mnara wa mjini. Sauti ya injini aliirekodi kwa simu akiwa amesimama katikati ya wananchi wanaopunga bendera, akahesabu mapigo yake, akajua inazunguka mara ngapi kwa dakika. Hapo ndipo alipoelewa kilichompata mdogo wake. Feni inayopoza injini huzungushwa na injini yenyewe. Kifaru kikitembea polepole kama gwaride linavyotaka, feni nayo huzunguka polepole, joto linapanda, na baada ya muda fulani ni lazima kizimike. Akaandika: kati ya dakika thelathini na nane na arobaini na nne. Kwenye mlima mkali: kati ya dakika mbili na tatu, kisha kinarudi nyuma, kwa sababu breki zake hutegemea injini.

Hatibu alizimikiwa dakika ya arobaini na moja.

Kazi hiyo ilimchukua miezi saba. Angeweza kuifungia kabatini. Lakini Semeni alifundisha pia somo la kompyuta, na akaamua kutengeneza mchezo. Ipo michezo ya kuigiza vita ambayo wachezaji wake hawataki mambo ya kubuni. Wanataka kifaru kigeuke kama kinavyogeuka kweli, kichelewe kama kinavyochelewa kweli. Mchezo wake aliuita Uwanja wa Chuma, akauweka mtandaoni bure. Ukianza kuendesha Ngurumo, dakika ya arobaini na moja inazimika, na hakuna kitufe cha kuizuia.

Watu waliupenda mno. Walioupenda zaidi walikuwa askari wa vifaru. Wakaanza kumwandikia. "Mwalimu, hongera, ila umekosea kidogo, inazimika dakika ya thelathini na tisa." "Mwalimu, usukani hauvuti kulia, unavuta kushoto." Mmoja alitaka kumtumia kitabu kizima cha ufundi chenye muhuri mwekundu, ili tu kumshinda mwenzake katika ubishi wa gia. Semeni aliwajibu wote kwa adabu kwamba hapokei karatasi, na yaliyotumwa aliyafuta bila kuyafungua. Alitaka akiulizwa ameyatoa wapi, jibu liwe moja.

*

Akaulizwa. Aliyemkamata alikuwa Meja Kapalata, Mkuu wa Kitengo cha Siri, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mimi niliitwa kuandika mahojiano.

"Nani alikupa takwimu?"

"Nilihesabu nguzo za taa, Meja."

"Nani alikuonyesha nguzo za taa?"

"Zipo barabarani."

Meja aliandika. Wiki ileile nguzo zote za Barabara ya Ushindi ziling'olewa, zikapandwa upya kwa umbali usiolingana, na mpaka leo kuna mahali penye nguzo nne pamoja na mahali penye giza la nusu kilomita. Lakini tatizo la Meja lilikuwa mashitaka. Akimshitaki Semeni kwa kutoa siri, atakuwa amekiri kwamba takwimu ni za kweli na Jenerali ni mwongo. Akisema ni za uongo, basi hakuna siri iliyotoka. Alifikiri siku mbili, akapata jibu ambalo wanasheria wetu wanalisifu hadi sasa: kutoa siri ya uongo.

Semeni angefungwa, kama Jenerali asingetaka kwanza kuuona huo mchezo. Akaletewa kompyuta. Akacheza saa nzima, akazimikiwa mara moja, akakasirika, akacheza tena. Kisha akaagiza Mwalimu aletwe.

"Mchezo ni mzuri," alisema. "Takwimu ndizo za kipumbavu. Sasa sikiliza. Mafuta ya mazoezi hakuna. Nataka jeshi zima lifanye mazoezi kwenye mchezo huu. Utatengeneza Toleo Rasmi, lenye takwimu za kweli. Ukikubali, ile kesi imekwisha."

Baadaye Semeni alimwambia mdogo wake kwamba wakati ule moyo ulimwenda mbio kuliko siku aliyokamatwa.

"Nakubali, Mheshimiwa Jenerali. Ila mimi ni mwalimu. Siwezi kuingiza namba isiyo na mwenyewe. Naomba kila takwimu uiandike na kuisaini."

Jenerali alifurahi sana. Hakuna aliyewahi kumwomba saini nyingi kiasi kile. Akaandika takwimu arobaini na sita na kusaini kila mstari. Kasi: tisini. Mlima unaopandika: wowote. Joto la injini: la wastani, kama la mtu mwenye afya. Kuzimika: hakuna, milele.

Semeni aliingiza takwimu zote arobaini na sita kama zilivyo. Hakupunguza wala hakuongeza. Kitu pekee alichokiacha kama kilivyo ni ardhi: milima, mabonde na matope ya nchi yetu, ambayo alikuwa ameyapima mwenyewe.

*

Jenerali Chogogwe aliucheza mchezo ule kila siku. Alianza kwa dakika chache baada ya chai, baadaye akawa anaanza kabla ya chai. Aliteka nchi jirani zote mara mbili. Kulikuwa na mlima mmoja nje ya mji, Mlima Kigongo, ambao alipenda kuupanda kwa sekunde tisa, kugeuka kileleni na kupiga mzinga. Aliwaita maofisa wake wamtazame.

Toleo lile aliliagiza ili kuwadanganya wengine. Kufikia mwezi wa nne wa kuucheza, alikuwa amedanganyika yeye. Akatangaza kwamba Siku ya Uthabiti ijayo, mbele ya Mtukufu Rais na wageni wa nchi za nje, yeye mwenyewe ataendesha Ngurumo hadi kilele cha Kigongo na kusimika bendera.

Askari wote wa vifaru walijua kitakachotokea, na hakuna aliyesema, kwa kuwa kusema kwamba Ngurumo inaweza kuzimika lilikuwa kosa la miaka tisa. Fundi mkuu alithubutu kuuliza kama Afande angependa kubeba madumu mawili ya maji ya rejeta. Jenerali alimjibu kwamba maji ni tusi.

Semeni alialikwa jukwaani kama Mshauri wa Takwimu. Alifika mapema, akaitembelea ile ardhi chini ya mlima, akaenda kwa waandaaji. Kwaya ya watoto wa shule ilikuwa imepangwa chini ya mteremko, kando ya picha ya Rais yenye urefu wa ghorofa mbili.

"Wahamishieni watoto upande wa pili wa barabara," alisema. "Bendi nayo."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Vumbi."

Wakahamishwa. Picha ikabaki.

Kabla ya kuingia kifaruni, Jenerali alisogea jukwaani na kumuuliza kwa sauti, wageni wasikie: "Mwalimu, nitafika kileleni kwa sekunde ngapi?"

"Kwa takwimu zako, Mheshimiwa Jenerali, tisa."

Watu wakapiga makofi. Meja Kapalata, aliyeketi kando ya Semeni, alianza kutokwa na jasho chini ya miwani. Akamwinamia sikioni. "Mwalimu, zile takwimu zako za kwanza zilisema nini?"

"Hizo ni siri, Meja."

*

Ngurumo iliondoka kwa kishindo. Sekunde ya tisa ilikuwa imefika kwenye mti wa kwanza. Baada ya dakika moja ilikuwa robo ya mlima, ikilia kama mtu anayeumwa tumbo. Dakika ya pili na sekunde ishirini ikakohoa, ikazimika. Kwa muda mfupi ilikaa pale pale mlimani, na Rais akageuka kuwaambia wageni kwamba hiyo ni mbinu. Kisha ikaanza kurudi nyuma.

Ilirudi polepole, ikifuka moshi, huku sauti ya Jenerali ikisikika vizuri ndani ya vipaza sauti, kwa kuwa alikuwa amevaa redio ili ahutubie kutoka kileleni. "Simama! Nimesema simama! Hii ni amri!" Ikapita pale kwaya ilipokuwa, ikaingia katika picha ya Mtukufu Rais kwa mgongo na kutokea upande wa pili kupitia kifuani. Ikajigeuza, ikasimama. Mzinga wake ukawa umeelekea katikati ya jukwaa kuu.

Serikali nzima ililala chini. Mawaziri walilala juu ya mabalozi. Mtu mmoja tu alibaki ameketi kitini. Mwalimu Semeni alikuwa amekwisha kukadiria kwamba mzinga ule haujapiga kwa miaka isiyopungua kumi na moja.

Jenerali alitolewa juu akiwa mweusi kwa masizi. Maneno yake ya kwanza yalisikika nchi nzima. "Kimezimika! Chenyewe kimezimika!"

Rais alijikung'uta vumbi magotini. Alikuwa na hasira ya mtu aliyetobolewa kifua hadharani. "Ngurumo haizimiki," alisema. "Wewe mwenyewe umesaini."

*

Kesi ilipangwa siku iliyofuata, saa nane mchana. Jenerali alishikiliwa katika nyumba ya wageni ya kambi, ambako walinzi waliendelea kumpigia saluti, kwa kuwa mpaka hukumu itoke alikuwa bado Mkuu wa Majeshi. Asubuhi na mapema alimwita Semeni. Mimi nilipelekwa kuandika.

"Mwalimu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila nishani, na alionekana kama amepungua. "Wewe ndiye shahidi wa takwimu. Unajua kinazimika. Ulijua tangu mwanzo. Niokoe."

Semeni alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. "Saini hapa kwanza. Kwamba Koplo Hatibu Lukindo hakukizima kifaru, na anaachiwa leo."

"Halafu utanisaidia?"

"Nitajibu kila swali nitakaloulizwa, kwa ukweli mtupu. Wala sitapunguza hata nukta."

Jenerali akasaini na kugonga muhuri. Hati yenye muhuri wa Mkuu wa Majeshi haibatilishwi, kwa maana kuibatilisha ni kusema kwamba Mkuu wa Majeshi aliwahi kukosea, na sheria inasema hakosei, hata awe mahabusu. Semeni aliipeleka mwenyewe gerezani. Saa sita na nusu Hatibu alitoka getini akiwa na mfuko wa plastiki wenye shati moja. Alikuwa amekonda. Wakapanda gari pamoja hadi kaburini kwa mama yao. Semeni akamwachia nafasi akae peke yake, na alipotazama saa ilikuwa saa nane kasoro robo.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Ufunguo kwa jirani. Mimi nina kazi moja imebaki."

Chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Jenerali alimwona akiingia, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Semeni akaapishwa. Kanali aliyeendesha kesi ndiye yule yule aliyemhukumu Hatibu, na alikuwa ameweka saa mezani.

"Shahidi, hizi takwimu arobaini na sita unazitambua?"

"Nazitambua. Kila moja imesainiwa na mshitakiwa mbele yangu."

"Kwa mujibu wa takwimu hizi, je, Ngurumo inaweza kuzimika yenyewe?"

Jenerali alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akitikisa kichwa taratibu kumwashiria aseme ndiyo, kama anayemfundisha mtoto neno la kwanza. Semeni alimtazama. Nilikuwa karibu nao wote wawili na kalamu yangu ilikuwa tayari.

"Kwa mujibu wa takwimu hizi," Semeni alisema, "hapana. Haiwezi kamwe."

"Mwalimu!" Jenerali alipiga ukelele. "Waambie zile nyingine! Waambie za nguzo! Feni, Mwalimu, waambie habari ya feni!"

"Mshitakiwa anyamaze," alisema Kanali. "Shahidi, una la kuongeza?"

Nilimwona Semeni akivuta pumzi. Angeweza kusema. Daftari lake la makadirio lilikuwa mkobani, na sababu zote pembeni. Hatibu alikuwa tayari nje na hakuna ambaye angemrudisha. Hakubanwa na kitu.

"Sina," alisema.

Kesi ilichukua dakika sita, na ile moja iliyobaki Kanali aliitumia kunywa maji. Jenerali Chogogwe alipewa miaka arobaini na sita, mwaka mmoja kwa kila saini. Alipokuwa akitolewa alipita karibu na Semeni, akasimama, labda alitaka kumtukana au kumbembeleza. Semeni hakukwepa macho. Alimtazama mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaufunga mkoba wake.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Hatibu mwenyewe. Dada yake alirudi saa kumi, akavua viatu, akapika. Wakala kwenye mkeka, wawili tu. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza hukumu. Hatibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuita umtetee," alisema.

"Ndiyo."

"Ungesema neno moja tu, wangemwachia."

"Pengine wangemwachia."

"Na ulikuwa unalijua hilo neno."

"Nalijua."

Hatibu alikomba sahani yake. Mikono yake ilikuwa na sugu za gerezani, na bado alikuwa akila harakaharaka, kama mtu anayeogopa kengele italia kabla hajamaliza. Kisha akaisukuma ile sahani kwa dada yake.

"Niongezee maharage," alisema.